Nani Alikusudiwa Kukaa Hapa? Hotuba juu ya Lubaina Himid

(Hotuba iliyotolewa Mjini Zanzibar mbele ya wanafunzi wa uchoraji na wa ujenzi. Imenyooshwa kidogo kwa ajili ya wasomaji.)

Assalamu alaykum. Walimu wangu mlionitangulia, wazazi, na nyinyi vijana mliokaa mpaka huko ngazini kwa kukosa viti, ahsanteni kwa kuja.

Nimeombwa nizungumze juu ya msanii wa zama zetu aliyeishi mbali na alikozaliwa, ambaye kazi zake zinahusu mahali: vyumba, majumba, vyombo vya baharini, njia za kupita, na watu wanaoruhusiwa au wanaozuiwa kuwemo humo. Wapo wengi wa kuwazungumzia. Nimemchagua Lubaina Himid, na sababu ya kwanza ni kuwa amezaliwa hapa hapa Unguja, mwaka 1954. Baba yake alifariki kwa malaria, mtoto akiwa na miezi minne tu. Mama yake, Mwingereza aliyekuwa mbunifu wa nakshi za vitambaa, akambeba akarudi naye kwao. Kwa hiyo safari iliyomfanya mhamiaji hakuichagua. Iliamuliwa na msiba, yeye akiwa mikononi mwa mama.

Sisi tuna desturi ya kuwakumbuka watu kama hawa siku ya tuzo. Desemba 2017, mjini Hull, Himid alipewa Tuzo ya Turner, ambayo ndiyo inayotajwa zaidi katika sanaa ya kisasa ya Uingereza. Alikuwa na miaka 63. Kabla yake hakuna aliyekuwa ameipata akiwa na umri huo, wala hakuna mwanamke mweusi aliyekuwa ameipata. Mwaka huo ndio waliofuta sharti la kwamba mshindi awe chini ya miaka 50. Lingebaki, asingefikiriwa hata kidogo. Habari zikafika huku, tukasema “huyu wetu”, basi. Leo sitaki tusimame kwenye kusema huyu wetu. Nataka tuziangalie kazi zenyewe, kwa sababu naamini kwa dhati kwamba wachoraji walio hai wanaoweza kutufundisha kama yeye namna ya kukisoma chumba ni wachache sana.

Tuanze na elimu yake. Himid hakuanza kwa kusomea uchoraji wa picha za ukutani. Alisomea ubunifu wa majukwaa ya tamthilia katika chuo cha sanaa cha Wimbledon, London, akamaliza 1976. Nyinyi mnaosomea ujenzi mtalielewa jambo hili upesi. Mtu wa majukwaa ndiye anayeamua mlango uwe wapi, mfalme aingilie upande gani, mtumishi asimame umbali gani, taa imwangukie nani. Mchezaji hajafungua kinywa, na watazamaji wameshajua nani mwenye amri na nani wa kuagizwa. Kazi zote za Himid zilizofuata, kwa macho yangu, zimetoka hapo. Anajua kwamba mahali huanza kusema kabla ya watu, na anajua pia kwamba mahali hupangwa na mtu, kwa hiyo hupangika upya.

Sasa sikilizeni habari ya korido.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, msanii mwanamke mweusi nchini Uingereza alikuwa hapati ukuta wa kutundika kazi yake. Himid akaamua kutafuta kuta mwenyewe, na si kwa ajili yake peke yake. Mwaka 1983 aliandaa maonyesho ya wanawake watano weusi katika Africa Centre, London. Mwaka 1985 akapata mlango kwenye taasisi kubwa zaidi, ICA, yaani Taasisi ya Sanaa za Kisasa ya London, iliyo karibu na kasri la Buckingham. Lakini hakupewa kumbi kuu. Alipewa ujia wa kupita watu. Wanawake kumi na moja walizitundika kazi zao humo, na maonyesho akayaita The Thin Black Line, yaani mstari mwembamba mweusi. Jina lilieleza hali ilivyo: wembamba wa njia, weusi wa waliomo, na ukweli kwamba hiyo ndiyo sehemu waliyokatiwa. Aliyepita pale kwenda kwenye shughuli zake hakuwa na njia ya kuzikwepa kazi hizo.

Ningependa mlishike jambo hili, kwa sababu waandishi wengi hulitaja kwa haraka wakakimbilia tuzo. Angalieni waliokuwemo katika korido ile. Sonia Boyce alipata tuzo ya Simba wa Dhahabu kwenye Biennale ya Venice, maonyesho makubwa ya sanaa ya mataifa, mwaka 2022, akiwa na banda la Uingereza. Veronica Ryan alishinda Tuzo ya Turner mwaka huo huo. Himid mwenyewe ndiye aliyeteuliwa kuiwakilisha Uingereza kwenye Biennale ya Venice ya mwaka 2026. Wote hawa walikuwa na kipaji tangu 1985. Muda wote huo wenye kumbi walikuwa wameshaamua nani akae ndani na nani akae njiani, na uamuzi wao uligharimu zaidi ya miaka thelathini ya maisha ya watu.

Kazi yake kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, ni ile ya mwaka 2004 inayoitwa Naming the Money. Aliionyesha kwanza katika ukumbi wa Hatton, Newcastle. Ni watu mia moja waliokatwa kwenye plaiwudi, wa kimo cha binadamu, wamepakwa rangi kali za kupendeza, wamesimama wenyewe sakafuni. Ni Waafrika waliochukuliwa utumwani wakapelekwa kwenye majumba ya wafalme na matajiri wa Ulaya. Wamegawanywa kwa kazi zao, kumi kumi: wapiga ngoma, wacheza dansi, washona viatu, wachora ramani, wafinyanzi, waganga wa mitishamba, watengeneza vitu vya kuchezea watoto, wafunza mbwa, wachoraji, na wapiga ala ya nyuzi ya zamani inayofanana na fidla kubwa. Katika picha za kale za Ulaya watu hawa wamo, lakini wamo pembeni. Kijana mweusi anashika sinia, au anashika mbwa, au yupo tu ili weupe wa bibi uonekane zaidi. Himid amewatoa kwenye pembe ya picha akawasimamisha katikati ya chumba.

Hapo ndipo elimu ya majukwaa inapofanya kazi. Hakuna kiti cha mtazamaji mbele ya kazi hii. Huwezi kusimama mbali ukaimaliza kwa jicho moja. Inabidi upite katikati yao, uwapishe, uzunguke, na wengine wanakutazama usoni. Tumelelewa kwamba kwenye nyumba ya watu unapiga hodi, unangoja, unakaribishwa. Katika kazi hii mgeni ni wewe mtazamaji, na waliokukaribisha ni wale ambao kwa maisha yao yote hawakuwa na mlango wa kumkaribishia mtu. Ukifika nyuma ya kila mmoja unakuta karatasi iliyofanana na hati ya hesabu, na humo kuna maneno machache: jina lake la kwao, jina alilobandikwa na mabwana, kazi aliyokuwa akiifanya kwao, kazi anayofanyishwa sasa, na kitu kimoja kilichobaki kuwa chake, ambacho hakuna aliyeweza kumnyang’anya. Sauti zinayasoma maneno hayo chumbani huku muziki ukipigwa. Kazi hiyo sasa ni mali ya Makumbusho ya Kimataifa ya Utumwa, Liverpool, na mwaka 2017 ilisimamishwa Bristol, bandari nyingine iliyonenepa kwa biashara hiyo.

Hapa kwetu lazima niseme neno juu ya Mkunazini. Nyote mmefika kwenye uwanja wa kanisa lililojengwa mahali palipokuwa na soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873. Pale pana sanamu za mchongaji wa Kiswidi, Clara Sörnäs, alizozifanya katika miaka ya 1990: watu watano wamesimama ndani ya shimo, minyororo shingoni. Ni kazi nzito, na mimi kila nikiitazama kifua hunibana. Lakini angalieni ninyi mmesimama wapi. Mmesimama juu, mnainama kuwaangalia waliomo chini, na wao hawawezi kutoka. Kazi ile inataka uuone ukatili, na unauona. Himid anataka kitu kingine: anataka uonane na mtu uso kwa uso, mkiwa mmekanyaga sakafu moja, ujue alikuwa mfinyanzi au mganga kabla hajawa bidhaa. Tunazihitaji njia zote mbili. Ila kwa muda mrefu hapa tumekuwa na ile ya shimo tu, na nadhani imewafanya vijana wetu wamjue mtumwa kwa mnyororo wake na wasimjue kwa ufundi wake.

Miaka mitatu baada ya Naming the Money, 2007, Waingereza walipokuwa wakiadhimisha miaka 200 tangu sheria yao ya kukomesha biashara ya watumwa, Himid akaenda Lancaster, mji ulioshika nafasi ya nne miongoni mwa bandari za biashara hiyo nchini humo. Alikusanya vyombo mia moja vya zamani vya mezani, sahani, mabakuli ya supu na majagi, akavichora juu yake: nyuso za watumishi weusi, na mabwana na mabibi wa mji wakitapika. Akavipanga katika nyumba ya kale ambamo majaji walikuwa wakifikia. Mambo ambayo watu wa nyumba za namna hiyo hawakutaka kuyasema wakila, sasa yamo ndani ya sahani zao. Angevionyesha vyombo hivyo kwenye ukumbi mweupe wa kisasa, visingekuwa na nguvu hiyo. Nyumba yenyewe ilikuwa nusu ya kazi.

Nirudi nyuma kidogo, kwenye turubai ya mwaka 1991, ambayo sasa ni mali ya Tate, makumbusho ya sanaa ya Uingereza. Mchoraji wa karne ya 19, James Tissot, alichora askari aliyekaa kwenye mashua baina ya wanawake wawili, naye anafurahia nafasi aliyonayo. Himid akaichukua mashua ile ile na kumtoa askari. Wamebaki wanawake wawili weusi, na baina yao kuna rundo la vipande vya rangi. Himid mwenyewe ameeleza kuwa ni ramani, na wanawake wale wanazichana wanazitupa baharini. Ramani za nani? Za wale waliochora mistari juu ya nchi za watu, wakaamua huku pawe pa huyu na kule pawe pa yule. Sisi tuliokatiwa mpaka baina ya ndugu na ndugu tukiwa hatujaulizwa hatuhitaji maelezo mengi juu ya picha hiyo.

Bahari haimwachi. Mwaka 1999 alionyesha Tate St Ives, kule Cornwall, ukumbi unaoitazama bahari, picha za vyumba visivyo na mtu vyenye maji nje ya dirisha. Na baada ya kurudi Zanzibar kwa mara ya kwanza, mwaka 1997, alitengeneza mfululizo wa picha alioupa jina la kisiwa chetu. Mtu anayetarajia kuona minazi, majahazi na milango ya nakshi hataviona. Picha zile ni tulivu, karibu hazina umbo la kitu: rangi, mistari, matone kama mvua, vibao vya dirisha. Moja katika kichwa chake inataja machozi ya wanawake yanayoijaza bahari, kisha inaongeza kuwa ni vibao vya dirisha tu. Nilipoziona picha hizo kwa mara ya kwanza kitabuni nilikaa nazo muda mrefu. Mtu aliyeondolewa mahali akiwa na miezi minne hana kumbukumbu ya mtaa wala ya sura ya mtu. Angeweza kubuni, akatupa kadi ya posta. Yeye amechora kile ambacho kweli anacho: dirisha lililofungwa, na kilio cha mama upande wa pili. Huo ni uaminifu mkubwa, na mhamiaji yeyote anayerudi kwao akakuta kila kitu kigeni atautambua.

Mwaka 2016 akaanza mfululizo juu ya meli ya Kifaransa, Le Rodeur. Mwaka 1819 meli hiyo ilikuwa ikivuka Atlantiki na watu waliofanywa watumwa. Ukaingia ugonjwa wa macho, ukaenea mpaka kwa mabaharia, na watumwa waliopofuka wakatoswa baharini wakiwa hai. Himid hakuchora kutoswa kule. Amechora watu weusi waliovaa vizuri, ndani ya vyumba vyenye rangi ya kupendeza, na bahari inaonekana nyuma yao. Hawaangaliani sawasawa. Hujui chumba ni cha nyumba au cha meli, hujui sakafu imetulia au inayumba. Wao pia hawajui, na hofu inakuingia polepole kutokana na huko kutojua.

Na ile ya mwaka 2019, Old Boat / New Money: mbao ndefu zimeegemezwa ukutani kwa mstari kama mataruma ya jahazi, zimechorwa kauri, yale makombe madogo ya baharini, na sauti ya maji inasikika chumbani, iliyotengenezwa na mwenzake Magda Stawarska. Kauri zilikuwa fedha huko Afrika Magharibi. Na katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Hamburg, O’Swald wakiwemo, walizichukua kauri hizo kwa shehena kutoka Zanzibar hii, wakazipeleka magharibi zikanunulie bidhaa. Zile mlizokuwa mkiziokota mchangani utotoni mkachezea, ziliwahi kujaza meli. Himid hakuyaandika hayo ukutani. Lakini mtu wa hapa akizisimamia mbao zile anaweza kuyasoma, na hiyo ni faida tuliyo nayo ambayo mtazamaji wa London hana.

Niseme kidogo juu ya kanga, maana najua akina mama wanangoja. Himid anazichora kanga kwenye karatasi na kwenye nguo, zenye pindo, zenye mji, zenye jina chini yake, na baadhi ya majina ameyachukua kwa waandishi weusi wa Marekani. Binti wa mbunifu wa vitambaa, aliyezaliwa Unguja: sioni angewezaje kuikosa kanga. Kanga ni mahali pa mwanamke pa kusemea akiwa amenyamaza. Unaweza kuingia ukumbini umefunga mdomo na maneno yako yakaonwa na wote. Katika maonyesho yake makubwa ya Tate Modern, London, kuanzia Novemba 2021 mpaka 2022, aliwawekea wageni maswali badala ya maelezo, na moja linasema hivi kwa maana yake: tunaishi ndani ya nguo, tunaishi ndani ya majengo, je, vinatukaa?

Hilo ndilo swali ninalotaka mliondoke nalo nyinyi mnaosomea ujenzi. Mji Mkongwe uliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000. Tangu hapo tumezungumza sana juu ya kuta, chokaa, boriti na milango. Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883, sehemu yake ilipoanguka Desemba 2020 tulilia, na tulikuwa na haki ya kulia. Lakini nyumba nyingi ambazo hazikuanguka zimekuwa hoteli, na waliokuwa wakiishi humo wamehamia Ng’ambo, upande wa pili wa mji. Ukuta umesimama vizuri, nani yumo? Baraza ipo, nani anakaa? Mwalimu wa ujenzi atakufundisha unene wa ukuta wa mawe. Himid anakutaka uulize mpishi wa nyumba hii alilala wapi, maji yalipitishwa mlango upi, na mwanamke wa ghorofani aliiona bahari kupitia tundu la ukubwa gani.

Kuna jambo nalisema kwa uchungu. Kazi za mwanamke huyu zimeonyeshwa London, zimeonyeshwa hata Sharjah, huko Ghuba. Mkinambia leo zije Unguja, sijui chumba cha kuziweka. Watu mia wa plaiwudi wanataka sakafu kubwa, wanataka paa lisilovuja, wanataka mlinzi na mtu wa kueleza watoto wa shule. Kumbi za harusi tunazo, za mikutano tunazo. Na tusiseme wasanii hatuna. Everlyn Nicodemus, aliyezaliwa Marangu mwaka ule ule wa 1954, alihamia Uswidi akiwa kijana na leo anaishi Edinburgh. Maonyesho yake ya kwanza, mwaka 1980, yalifanyika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Kwa hiyo iliwahi kuwezekana. Wanaohusika na majumba ya serikali, baadhi yenu mmo humu ndani kwa heshima zenu: jumba moja likitengenezwa, tengeni ukumbi mmoja wa chini, wenye mlango wa barabarani, usiokuwa wa kulipia kwa mwenyeji. Msitupe korido.

Kwa vijana, nina kazi, na walimu wenu wameikubali. Kila mmoja achague nyumba moja ya Mji Mkongwe ambayo mwenyewe yuko radhi. Chora ramani ya sakafu, kila ghorofa. Kisha kwa rangi nyingine, tia alama aliyekaa, aliyehudumu, aliyepita nyuma asionekane. Waulizeni wazee, hasa wa kike, maana wao ndio waliokuwa ndani. Halafu tutakata plaiwudi. Maseremala wa Darajani wameahidi kutuachia mabaki. Kila mmoja atachora mtu mmoja tu, wa kimo chake mwenyewe, aliyefanya kazi katika nyumba hiyo na hakuwahi kukalia kiti chake. Mgongoni mwake andikeni jina, kazi, na alikotoka. Wa familia zilizo hai, ombeni ruhusa kwanza. Asiyejulikana jina, andikeni kazi yake na muache mstari wazi.

Tutaanza na nyumba hii tuliyomo. Kabla ya maswali, namwomba mtu mmoja anayeijua atuonyeshe mlango wa nyuma, ule waliokuwa wakiupita wapishi na wachukuzi wa maji. Twendeni wote, ngazi ni nyembamba, watu wazima watangulie.